Kikohozi na Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Kisanduku changu cha sauti kimekata roho. Miaka kumi na moja kimenisomea skrini, na leo saa nne, katikati ya barua ya mgonjwa wa figo, kikanyamaza. Nikakigonga kama watu wanavyogonga redio. Wapi!

Bi Mkubwa, mkuu wetu wa kumbukumbu hospitalini, akasema nitumie sauti iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Nimejaribu siku nzima. Nabonyeza herufi, inafikiri kwanza, ndipo inatamka — mimi nimeshafika neno la tatu. Mtu akichapisha karatasi, sauti inakwama. Kwa kawaida nasikiliza rekodi za madaktari na kuandika barua thelathini kwa siku. Leo tisa.

Bi Mkubwa hakunigombeza. Ila barua haziwezi kusubiri, amesema. Ijumaa ya wiki ijayo ataangalia. Kama sijarudia kasi yangu, nahamia kwenye simu za mapokezi. Simu! Niliipigania hii kazi ya barua, walipodai asiyeona haiwezi. Nimeumia, na hapa naweza kusema. Daftari hili naliandika kwa nukta nundu, na nyumbani hakuna anayejua kuzisoma.

Jumanne, 4 Machi

Fundi redio, niliyemweleza shida yangu jana, amepiga simu: ana visanduku viwili vya zamani, kavitoa kwenye ofisi iliyofungwa. Havitengenezwi tena. Kesho naenda. Sikumaliza hata chai kwa furaha.

Baba watoto anauliza kwa nini makuukuu. Nikamweleza: kisanduku cha nje kinatamka chenyewe, hakingoji kompyuta ipate nafasi. Ukigusa, kimesema. Akasema basi mke wake anatafuta sauti ya mwanamume mwingine, na dereva wa kumpeleka ni yeye.

Jumatano, 5 Machi

Karakana inanuka risasi iliyoyeyushwa. Fundi kaniwekea viti viwili, kimoja changu, kingine cha visanduku.

Cha kwanza: chuma, kidogo, kizito, kona moja imebonyea. Sauti imekwaruza. Nimekiita Kikohozi. Cha pili ni kipana, plastiki laini, sauti imeshiba na haina haraka. Bibi Harusi!

Mimi sipimi sauti kwa salamu. Napima kwa 5, 15 na 50, kwa majina ya dawa, kwa b na d na p zikikimbizwa. Kikohozi alizitafuna d zote. Bibi Harusi alizitoa moja moja, safi, hata nilipomwendesha kwa kasi mara tatu. Nilicheka peke yangu. Vitu vinanyamaza kwenye boksi miaka, ukivipa umeme vinaanza kuhesabu!

Fundi alisema angenichagulia Kikohozi, kwa sababu "huyu anarudisha taarifa." Sikuuliza taarifa gani. Nilikuwa nimeshapenda. Kaniambia nichukue vyote viwili, nirudishe kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Barua thelathini na nne!

Ijumaa, 7 Machi

Thelathini na tano. Bi Mkubwa alipita, akasimama nyuma yangu. Manukato yake yalikaa kama dakika mbili. Nadhani alitabasamu.

Jumatatu, 10 Machi

Jambo la ajabu. Nimesikia neno lenye kosa, nikasimamisha sauti, nikaiuliza kompyuta niko mstari gani. Nikajikuta mstari mwingine kabisa, chini! Nikadhani kidole kimeteleza. Nikarudia. Tena chini.

Hapo nikasahau kazi. Nikaandika mistari ishirini, kila mmoja na namba yake, nikamwacha Bibi Harusi asome, nikamkata kwenye wa tatu. Kompyuta ikasema: wa saba. Nikamkata kwenye wa kumi: kumi na tano. Kumbe anameza mistari kwa mkupuo, kisha anaitamka polepole, na haiambii kompyuta amefika wapi. Kompyuta inadhani yote imeshasomwa. Nikamchomeka Kikohozi. Kata kwenye wa tatu — wa tatu! Hiyo ndiyo taarifa anayorudisha. Kisanduku changu cha zamani kilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana sikuwahi kujua kuna visivyorudisha. Saa nzima nilifurahi kama mtoto.

Halafu nikazikumbuka barua.

Maana nina mazoea. Nikisikia tarakimu yenye kosa, nasimamisha, nabonyeza kitufe cha kunirudisha kwenye tarakimu iliyopita, naandika iliyo sahihi, nasonga. Sirudii kusikiliza. Kumbe tangu Alhamisi nimekuwa nikirekebisha tarakimu nyingine. Barua sitini na tisa, na zimeshatumwa. Za leo nimezizuia. Lakini kuzihakiki zile kunahitaji rekodi, na chumba cha rekodi kilikuwa kimefungwa.

Uzuri wa mkakasi! Nimemwambia baba watoto. Hakunitania. Alisema, "Mficha uchi hazai. Nitakupeleka kabla hawajafungua."

Jumanne, 11 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni. Mlinzi alinifungulia. Kikohozi mezani, rekodi sikioni, barua moja baada ya nyingine. Hadi saa nne nimepitia ishirini na nane.

Mbili zina kosa. Moja ni tarehe ya kliniki, haidhuru. Ya pili ni ya daktari wa moyo. Kwenye rekodi dawa ni miligramu 5, arudi baada ya wiki 8. Niliandika 50 kwa bahati mbaya, nikaisikia, nikairekebisha — na barua iliyotumwa inasema miligramu 50, arudi baada ya wiki 5. Ile 5 ilitua kwenye wiki.

Nilimpigia daktari hapo hapo. Alipiga simu kliniki nikiwa namngoja. Mgonjwa hajachukua dawa, anakuja leo mchana. Nililia kidogo. Daktari akauliza nimegunduaje, nikamweleza yote. Akasema, "Mwambie mkuu wako mwenyewe, kabla sijamwambia mimi."

Nimemwambia. Nimeketi ofisini kwa Bi Mkubwa sasa, kibao changu cha kuandikia nukta nundu magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja: arobaini na moja zilizobaki, nani mwingine anaweza kuzihakiki leo? Nilisema ukweli. Kusoma karatasi kila mtu anaweza, lakini karatasi haionyeshi kosa. Ni lazima usikilize rekodi, na yule daktari wa moyo anavyomung'unya, sijui mwingine anayemwelewa.

Akatoka. Nimemsikia koridoni akizungumza na mtu wa mapokezi, chini chini. Droo imefunguliwa, imefungwa. Amerudi, ameweka kitu mezani mbele yangu, ametoka tena.

Nimegusa waya tu. Ni hedifoni. Zikiwa na kijiti cha mdomoni, ni za simu. Zisipokuwa nacho, ni za rekodi, nabaki na barua zangu. Nitazipapasa nikimaliza mstari huu —