Mjomba Amejibu Salamu

Jumamosi

Imekubali! Wiki nzima kompyuta kuukuu ya Mjomba Salum imenigomea, leo imesoma kwa sauti. Tangu apofuke, mjomba humtegemea jirani amsomee habari, na jirani huruka zile asizozipenda.

Programu ya kusoma maandishi iliyokwisha kuandaliwa haikukubali kuingia kwenye mashine ile. Nikapakua msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, nikawa naijenga mwenyewe hapo hapo nyumbani kwa mjomba, Kitete. Kila mara inakwama. Ninavyojichukia! Nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu wa makosa, kumbe wa juu kabisa ulisema wazi kwamba kuna kipande cha sauti hakipo. Nikakiweka, nikaanza upya. Mistari ikateremka mpaka mwisho bila kosa.

Nikaandika maneno mawili, nikabonyeza.

"Shikamoo mjomba," ikasema kompyuta.

"Marahaba!" akajibu mjomba, akigeuza uso kumtafuta mgeni. "Nani huyo? Mbona ana mafua?"

Nilicheka mpaka machozi. Mkewe, Bi Mwajuma, akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna msiba.

Nikamfungulia mjomba habari za leo. Akatega sikio.

Nina hofu kidogo. Ikiharibika nikiwa kazini Igunga, nani ataitengeneza? Itabidi nimfundishe mtu, sijui nani...

Lakini Bi Mwajuma alipomwita kula mara ya pili, mjomba aliinua mkono kumzuia.

"Ngoja kwanza," akasema, "nasoma."