Ukuta wa Jiko la Mama

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nduguti tu wazima, na bibi yako anapura alizeti.

Umeniuliza nilipataje kazi yangu ya kwanza ya serikali, maana ofisini kwenu mnafupisha fomu za zabuni. Fomu yangu ilikuwa kitabu kizima cha Kiingereza. Niliirudisha tupu, kwa aibu. Mhandisi wa serikali aliyeipokea hakunicheka, aliniuliza tu, "Umeshajenga nini?" Nikampeleka jikoni kwa mama. Akausukuma kwa bega ukuta nilioujenga mwenyewe, ukagoma kutikisika. "Utatujengea kalavati," akasema, na mkataba ukawa karatasi moja.

Namshukuru hadi leo, na ng'ombe wetu bado wanapita juu ya kalavati lile.

Fupisheni, mjukuu wangu, ila swali lake msilifute.

Babu yako, fundi