Mafuta ya Gari la Nasri

Ijumaa, 4 Julai
Nimelifunua gari la Nasri, nimelifuta vumbi, nimelipeleka Pongwe na kulirudisha. Kama kila Ijumaa. Tuta la barabarani limelikwaruza tumbo tena. Gari la spoti, jekundu, limelala chini kama sahani. Mwanangu alilinunua, akaliendesha likizo moja, akarudi kazini Muscat. Mimi, dereva mstaafu wa malori ya mkonge, ndiye yaya wake.

Baada ya sala akapiga simu. Swali lile lile: "Baba, unalitia yale mafuta ya okteni ya juu?" Ndiyo. "Usilitie ya kawaida, litakosa nguvu." Sawa. Dakika tatu. Tangu mama yake afariki, hizo ndizo dakika zangu za wiki.

Jumanne, 8 Julai
Mafuta ya okteni ya juu yamekwisha. Kituo ninachokijua kinachoyauza ni kimoja tu, na binti wa pampu hajui yatakuja lini. Taa ya tangi inawaka. Nimetia ya kawaida. Nimejiona mwizi.

Ijumaa, 11 Julai
Nimekwenda hadi Kigombe, redio nimezima, nangoja injini igonge. Haikugonga. Nimeshika saa kwenda na kurudi: muda ule ule wa siku zote.

Nasri akauliza. Nikasema ndiyo, ya okteni ya juu. Sijamdanganya tangu siku zile nilipokuwa nikimwambia kwamba mama yake anaendelea vizuri.

Jumatatu, 14 Julai
Chumbageni, kwa fundi Mbaruku. Nikauliza habari ya mafuta kana kwamba ni gari la mtu mwingine. Akacheka, analijua gari lenyewe.

"Okteni si nguvu, Mzee. Ni subira. Mafuta yanabanwa ndani ya injini, yale ya juu yanavumilia bila kujiwakia kabla ya wakati. Magari ya siku hizi yana kompyuta. Gari likinusa mafuta dhaifu linajipunguza lenyewe, lisijiumize. Anayekanyaga sana ataona tofauti. Wewe na mwendo wako wa lori, hutaona kitu."

Miaka yote nimeamini ni ukali. Nimezeeka na ujinga wangu.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeshindwa kuendelea na uongo. Nimemwambia Nasri yote. Kituo, Kigombe, saa, maneno ya fundi. Nilitegemea atagomba. Akacheka. "Basi Baba, tia yoyote. Umenitua mzigo. Sina haja ya kukusumbua kila wiki."

Alifurahi kweli. Mimi sikufurahi.

Ijumaa, 25 Julai
Simu haikulia. Niliiweka mezani, nikaihamishia dirishani, mtandao ni mzuri zaidi pale. Haikulia.

Jumatano, 30 Julai
Nina hasira. Mdomo uliponza kichwa. Nani aliniuliza ukweli?

Nimpigie? Nimwambie nini? Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza bila mama yake katikati, au gari. Mama yake alikuwa akishika simu saa nzima, mimi ninapunga mkono kutoka kwenye kiti: msalimie. Nilidhani hiyo inatosha.

Ijumaa, 1 Agosti
Leo tena hakupiga.

Alfajiri nilikuwa nimelitoa gari. Nje ya Pongwe barabara ilikuwa tupu na sijui nini kilinipata, nikakanyaga hadi mwisho. Miaka thelathini na malori, sijawahi kufanya upuuzi huo. Gari likavuta, kisha likawa zito kidogo, kama linajizuia. Nikarudi nyumbani polepole.

Halafu wazo. Anayekanyaga sana ataona tofauti, alisema Mbaruku. Mchana nikapita kituoni. Yale ya juu yamerudi. Tangi lilikuwa karibu kukauka, nikajaza.

Jumamosi, 2 Agosti
Barabara ile ile, saa ile ile ya alfajiri, mguu hadi mwisho. Tofauti ipo. Si kubwa, lakini ipo. Leo halikujizuia, na mgongo wangu ulibandikwa kitini. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nina la kusema!

Nikampigia, mara ya kwanza mimi kumpigia yeye. "Nasri, ulisema kweli. Ukilikanyaga, yale ya juu yana nguvu zaidi." Nikamweleza yote, na mbio nilizokwenda.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, ulikuwa unawahi wapi?"

Nikasema kuna mgeni mlangoni, nikakata. Hakukuwa na mgeni.

Jumapili, 3 Agosti
Amepiga. Jumapili, si siku yake. Gari hakulitaja. Akakohoa, akauliza nimekula nini. Hajawahi kuniuliza, naona na yeye alikuwa akitafuta pa kuanzia. Nikasema wali wa nazi na samaki. Nani kapika? Mimi. Akasema mama alikuwa akiupika Jumapili. Nikasema naam. Tukanyamaza wote wawili, na hakuna aliyekata.

Kusema kweli, tangu juzi ni chai na mkate. Baada ya simu nimekwenda kununua samaki. Nimeitoa mbuzi ya mama yake kabatini, nimekuna nazi, vidole viwili vimechubuka. Mchele uko motoni.