Kima Wangu Amepewa Mwenye Jina

Andheri, Mumbai

Dada yangu mpenzi Hemlata,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti ya mama yamepoa kwa vile baridi ya Nashik imeondoka. Mimi mwili hauna neno. Nimechoka tu.

Umeniuliza umpeleke mama sinema siku gani akanisikie. Dada, kabla hujakata tiketi, soma kwanza.

Unajua studio hatuanzi kazi bila kuvunja nazi mbele ya maikrofoni, tena kwa saa iliyochaguliwa na kuhani, na anayeivunja ndiye sauti kuu. Siku ile Bwana Kelkar, mwongozaji wetu, alinitia nazi mkononi akasema haya Sulekha, vunja upesi, saa njema inapita. Nikavunja. Nikakupigia simu nikilia kwa furaha, nawe ukagawa vitamu vya peda mtaa mzima. Ningejuaje kuwa mwenye nazi yake alikuwa bado amelala kwake? Miaka yote hii mimi ndiye sauti ya yule mtoto wa kima wa katuni kwenye televisheni. Sikuona ajabu kupewa filamu yake.

Nilirekodi karibu yote. Ilipobaki sehemu moja, Bwana Kelkar akaniita kando, akasema nisimwelewe vibaya, sauti yangu ilikuwa ya kumwongoza Yuvansh Talwar tu. Ndiyo, huyo huyo nyota wa mabango ya sinema. Nikamwambia Talwar ana ndevu, na kima ni mtoto. Akacheka, akasema watu hawakati tiketi kwa ajili ya kima, wanakata kwa ajili ya sura, hata kama sura yenyewe haionekani. Niliumia, dada, niliumia sana. Lakini nilirudi ndani nikamaliza kazi.

Talwar alipokuja nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alivaa hedifoni, akanifuatisha neno kwa neno kama mtoto anayefunzwa sala. Akaniambia dada wee, huyu mnyama unamjua wewe, mimi nimeletwa na uso, nikiboronga nizabe kofi. Akaboronga kweli, ila kwa adabu.

Sasa nikwambie nililowaficha wote. Sehemu ile iliyobaki ni pale kima anapompoteza mama yake. Talwar alijaribu kulia, akawa kama mtu aliyepaliwa na chai. Mwishowe wakabakiza kilio changu, wakanitaka nifunge mdomo. Jina langu halimo. Bwana Kelkar anasema hajapata kunisikia nikiigiza vizuri namna ile. Dada, sikuwa naigiza. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuniambia kima si wangu.

Mpeleke mama. Habari za Talwar usimwambie. Ila kilio kikianza mshike mkono kwa nguvu, maana atanijua, na atataka kuinuka anifuate.

Nisalimie shemeji na watoto, na umbusu mama kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Sulekha