Sauti Uliyoifungia

Mtaa wa Sita Mashariki, Na. 2217,
Duluth, Minnesota.
14 Novemba, 2021.

Mdogo wangu Arlo,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi. Hujambo? Sisi tu wazima, na theluji imeanza juzi. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi za kanisani, lakini anapanda. Natumaini huko Texas nawe u mzima, maana haya ninayotaka kukuambia yanahitaji mtu mwenye afya.

Barua pepe yako nimeipata. Nilimsomea mama kwa sauti huku akimenya viazi. Unataka niwaombe "hao watu wa mtandaoni" waiondoe michoro ya ile chipu kwa sababu wakuu wako kazini wamekasirika, nawe unaaibika. Shangazi Irja hukumtaja hata mara moja. Mama aliacha kumenya, akauliza kama kuna ukurasa mwingine. Nikamwambia hakuna.

Basi ngoja nikukumbushe, maana inaelekea jua la huko limekukausha kumbukumbu. Shangazi alitolewa koromeo kwa sababu ya saratani sisi tukiwa wadogo. Sauti pekee tuliyoijua kutoka kwake ni ya kile kisanduku chenye vitufe: yeye anaandika, chenyewe kinasema. Ni sauti ya mwanamume mwenye mafua, lakini ni yake. Kwa sauti hiyo alitufundisha kuhesabu, na kwa sauti hiyo alikufokea ulipovunja dirisha la jirani. Kiwanda kilichokitengeneza kilifungwa zamani, na chipu iliyokuwa ndani ikaanza kukwaruza.

Wazo lilikuwa lako, hilo nakupa. Ulituambia siku hizi ziko chipu tupu ambazo mtu anazipanga mwenyewe zikawa chipu yoyote aitakayo, hata ile ya zamani iliyokwisha madukani, mradi awe na mchoro wake. Mchoro wa hii haukuwepo popote. Ili kuupata ilibidi chipu ya shangazi imwagiwe tindikali mpaka ganda liyeyuke, ipigwe picha kwa hadubini, na ikishafanyiwa hivyo hairudi tena. Ulilisema hilo mezani kwetu, mdomo umejaa mkate wa iliki.

Shangazi alikubali kwa sharti moja, na alilisema kwa sauti hiyo hiyo iliyokuwa inakwenda kufa: utakachokiona humo ukiweke wazi kwa kila mtu, kwa sababu hayuko peke yake mwenye kisanduku kama kile. Ukasema sawa. Akaichomoa chipu kwa mkono wake, akakukabidhi, na tangu dakika ile akawa bubu.

Mwanzoni ulikwenda vizuri, sitakuonea. Ulikuwa ukiweka michoro mtandaoni kwa leseni huria, kila mtu achukue, arekebishe, agawe. Watu wakakusifu, na sifa wewe unazipenda tangu utotoni. Halafu ikaja hiyo kampuni ya wanasesere wanaoongea, ikakuajiri wewe pamoja na kazi yako, na siku moja ukurasa wote ukatoweka. Tukikuuliza, unasema ni mambo ya kisheria, tuvumilie kidogo.

Shangazi ukamtumia tableti yenye sauti ya msichana mchangamfu. Aliandika sentensi moja, akaisikiliza, akaizima. Kisha akaniandikia kwenye karatasi, "Huyu msichana simjui." Zaidi ya mwaka mzima alikuwa akizungumza nasi kwa kibao cha chaki, na kwenye bingo akaacha kwenda, kwa sababu mpaka amalize kuandika kwamba ameshinda, mwingine ameshapiga kelele. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unafundisha wanasesere kuongea.

Ndipo nikaingia mimi, msusi wa nywele, kwenye baraza lenu la mtandaoni, lile la wapenda chipu za zamani walipokuwa wakikusifu. Wa kwanza kunijibu aliniambia nimekosea mlango, fundi wa redio nimtafute mtaani. Sikuondoka. Siku ya pili akanijibu Darlene Kowalchuk, mwalimu wa Saskatoon, ambaye mume wake anatumia kisanduku kama cha shangazi.

"Dada, mdogo wako alifuta ukurasa wake," alisema. "Hakufuta wetu."

Kumbe karibu kila aliyekusifu alikuwa amechukua nakala. Na kitu ukishakitoa kwa leseni ile hukirudishi tena, anayekishika leo anayo haki ileile uliyompa jana. Ulipaswa kulijua hilo, leseni uliichagua mwenyewe. Ni kosa la kijinga kuliko yote uliyowahi kufanya, na namshukuru Mungu kwamba ulilifanya.

Kitu kimoja tu hukuwa umekiweka, ile sehemu inayopandisha na kushusha sauti. Wakaitafuta kwa kubahatisha. Darlene na wenzake walikuwa wakitutumia majaribio, nami nayaingiza kwenye chipu tupu ndani ya kisanduku, shangazi anasikiliza karibu na jiko. Ikiwa si yeye, anagonga meza. Aligonga mpaka mama akahamisha vikombe. Darlene aliniambia nimwambie shangazi kwamba hata wakaguzi wa shule hawajawahi kumtesa hivyo.

Alasiri moja hakugonga. Aliweka kiganja juu ya kisanduku, akakaa. Mimi na mama tulianza kulia, yeye hakulia. Akaandika, na yule mwanamume mwenye mafua akasema nyumbani kwetu, "Kahawa imepoa." Sijawahi kukimbilia birika namna ile.

Nikwambie na jingine. Walipoiweka michoro tena mtandaoni, Darlene alitaka jina lako lifutwe, nami nikamuunga mkono kwa moyo wote. Wenzake wakakataa. Walisema masharti ni masharti, aliyefanya kazi jina lake hubaki, hata kama ni mtu wa hovyo. Kwa hiyo upo, juu kabisa, kabla ya wote. Wakuu wako wakitaka kujua nani alianza, hawatasumbuka kutafuta.

Sasa jibu lako: hapana. Simwombi mtu yeyote aondoe chochote. Nina hasira nawe, Arlo, na sioni sababu ya kuificha. Ulichukua sauti ya mtu kinywani mwake, ukaahidi kuirudisha na kuigawia wengine, ukaifungia kabatini kwa tajiri. Mtu wa nje angenifanyia hivyo ningemshtaki. Wewe nakuandikia barua, na hiyo ndiyo heshima ya mwisho ninayokupa kwa kuwa tumenyonya ziwa moja.

Mjomba Toivo anakusalimu, lakini yule humsalimu hata mtoza kodi. Watoto wangu hawajaambiwa kitu, wanakusalimu kwa dhati. Mama nilimuuliza niweke salamu gani, akasema niache nafasi. Mungu akulinde barabarani, akupe na haya kidogo.

Jana nilimsomea shangazi barua yako. Aliweka vidole juu ya vitufe, na kisanduku kikasema, "Nilimpa aigawe. Sikumpa aifungie."

Nikamwambia hayo nitayaandika kama yalivyo. Akatikisa kichwa, akaandika tena, polepole.

"Wewe andika yako. Yangu nitampigia simu mwenyewe."

Atakupigia Jumapili ijayo baada ya ibada. Pokea. Hutahitaji kuuliza ni nani.

Dada yako, upende usipende,
Marlys