Dawa Niliyokunyima, Mjomba

Mtaa wa Kiwanjani,
Isiolo.
9 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba Wato,

Salaam aleikum. Habari ya hapo Sericho, na goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza kisimani? Tumesikia mvua imewafikia, alhamdulillahi. Sisi tuko wazima. Sagal ameota meno mawili na homa yake imetunyima usingizi wiki nzima. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, jua naandika nikiwa nimempakata.

Mjomba, simu yetu ya Alhamisi ilikatika vibaya. Neno la mwisho nililosikia ni kwamba nimesoma mpaka nimewasahau mbuzi walionisomesha. Sijui kama ulikata wewe ama ni netiweki. Nimeona heri niandike, kwa sababu kwa simu mimi nalia na wewe unapaza sauti.

Sijawasahau. Wale mbuzi uliouza ili niingie chuo, mpaka leo nawajua kwa rangi zao.

Uliniomba mtungi mmoja tu wa ile dawa ya minyoo ambayo kiwanda chetu kinaimwaga. Ulisema mbuzi wamekonda, wamevimba chini ya taya, na huku dawa inamwagwa bure. Jibu langu bado ni hapana. Nitakueleza kwa nini, maana aliyeipima dawa hiyo ni mimi.

Hapa kiwandani mimi bado ni mwanagenzi. Nachota dawa kidogo kutoka kila pipa, naitia kwenye chupa, naipima maabara, na kuandika nilichokiona saa ileile. Msimamizi wangu ni Mureithi, Mmeru wa maneno machache. Nilipopima pipa lile linalomwagwa sasa, nguvu ya dawa ilitoka pungufu. Akaniuliza chupa nilitikisa saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, nilipoingia. Akatazama saa ya ukutani.

“Na sasa ni saa nane. Hapo umepima dawa ama umepima maji?”

Niliona aibu. Unga wa dawa hii huzama chini ukiiacha itulie. Lakini Mjomba, si ndivyo tulivyokuwa tukifanya zizini? Unatikisa chupa mara moja alfajiri, unakusanya mbuzi, unasema bismillahi, unanywesha kundi lote. Mimi nimeenda maabara na mkono wa zizini.

Ningeweza kusema nilitikisa wakati huohuo, hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimechoka, maziwa yamejaa kifuani, na Sagal ananingoja kwa jirani yangu Roda. Lakini karatasi ile ina jina langu. Nikaikata ile namba kwa mstari mmoja, nikaandika kosa langu kando, nikaanza upya Mureithi akiwa amesimama hapo. Safari hii nilitikisa kila nilipochota. Ikatoka pungufu vilevile. Kumbe kosa lilikuwa langu na la pipa pia.

Basi ndiyo maana siwezi kukuletea. Dawa isiyo na nguvu haiui minyoo, inaizoesha tu. Ikishazoea, hata dawa nzuri utakayonunua kesho haitaifanya kitu, na mbuzi wataisha ukisema ni kudra ya Mungu. Afadhali unikasirikie mimi.

Abdirahman wa lori anakuletea barua hii pamoja na chupa mbili nilizonunua dukani. Hizo ni za pipa lingine, namba yake imeandikwa kwenye chupa. Nililipima mimi mwenyewe na likapita. Anza na wale waliovimba taya. Wenye mimba changa usiwape kwanza, muulize daktari wa mifugo akipita.

Nisalimie Mama Kuno, na umwambie ile siagi ya ngamia ilifika salama na imekwisha. Mwanao Racho mwambie asome. Sagal anawapungia mkono, ingawa hajui anampungia nani.

Jambo moja la mwisho. Tikisa chupa kabla ya kila mbuzi, hata kama mkono utauma. Nimewakumbuka wale mbuzi wa mbele kwenye foleni waliokuwa wakikonda kila mwaka hata baada ya dawa, na wale wa mwisho walioanguka wakishanyweshwa, tukasema ni jicho la watu. Wa mbele tuliwapa maji, Mjomba. Wa mwisho tukawapa dawa yote. Hatukujua, wewe wala mimi. Sasa tunajua.

Mungu akulindie goti, kundi na nyumba yako.

Mpwa wako anayekupenda, hata simu ikikatika,

Kabale