Komeo la Choo na Nyumba Iliyoimba Miaka Minne

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada, naomba kwanza nitoe taarifa kwa wasomaji wote, wa Katandala, wa Kasense na hata walio safarini, kwamba Jumatatu ya wiki hii, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mlango wa choo cha familia yangu ulifungwa kwa komeo, ukafungika. Hakuna aliyejeruhiwa.

Sasa msaada. Choo chetu kiko uani, na mlango wake uligoma kufunga miaka minne iliyopita, binti yangu Sharon akiwa darasa la sita, leo yuko kidato cha tatu, na mimi nilisema nitautengeneza Jumamosi, sikusema Jumamosi ipi, na wakati tukiisubiri hiyo Jumamosi nikaweka utaratibu wa muda kwamba anayeingia aimbe ili aliye nje ajue pana mtu, basi utaratibu wa muda ukageuka sheria ya nyumba: mke wangu Emerensiana akachukua wimbo wa matoleo wa kanisani, mimi besi ya wimbo wa kuingilia, Sharon hapendi kuimba akawa anataja tebo za kuzidisha, ndiyo maana leo anazijua mpaka ya kumi na tisa, na mdogo wake Jane, ambaye hakumbuki maisha mengine, alipoanza shule akawa anaimba hata kwenye choo cha shule, mpaka mwalimu wake akaniita, nami nikamjibu kwamba mtoto ana kipaji.

Na usidhani hapa hakuna mtu wa kujua milango. Mimi ndiye katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa la kigango chetu, natembea na futi ya kupimia mfukoni, watu wananiuliza habari za mbao.

Mwanzoni mwa mwezi huu akaja mama mkwe, mama Kristiana, kutoka Laela, na unga wa ulezi na kuku mmoja. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na minane namwamkia shikamoo huku natazama viatu vyangu, unajua mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Emerensiana akamweleza utaratibu, mama akashangaa, "Niimbe chooni? Mimi? Nitakohoa, inatosha." Asubuhi ya pili ilikuwa baridi yetu hii ya mwezi wa saba, upepo unapiga bati kama unadai kuingia, nikasimama nje ya mlango, nikatega sikio, sikusikia kikohozi, nikasukuma. Nilichokiona ni kilemba tu, mshauri, macho nikayafunga hapo hapo, nikarudi kinyumenyume nikakanyaga ndoo, ndoo ikatangaza habari mtaa mzima. Kabla ya saa sita mama alikuwa kwenye basi, anasema amekumbuka kuku wake walioko Laela.

Emerensiana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba Sharon," akaniambia, "mama yangu hatakanyaga tena hapa mpaka mlango ule ufunge. Na akikaa sana bila kuja, usishangae nikimfuata."

Nikanunua komeo jipya, nikalipigilia misumari juu ya lile la zamani, nikapasua fremu, komeo likakaa huku na tundu likabaki kule. Jumatatu, mke wangu akiwa sokoni, nikamwita fundi Eustaki, ambaye karakana yake iko hatua mia mbili kutoka kwangu, na ambaye nimempita kila siku kwa miaka minne nikimpungia mkono. Akang'oa komeo langu, akaunyanyua mlango kidogo kwa ncha ya kiatu, komeo la zamani likateleza tunduni kama halijawahi kuugua.

"Komeo lako la zamani ni zima, katibu," akasema. "Bawaba ndiyo imelegea, mlango umeshuka."

Akajaza vijiti kwenye matundu ya bawaba, akakaza skurubu ndefu, akaziba ule ufa wangu, na chai niliyommiminia ilikuwa bado ya moto. Miaka minne ya nyimbo, mshauri, kwa ajili ya skurubu tatu.

Emerensiana aliporudi akaingia, komeo likasema ka!, halafu kimya. Kimya cha kwanza tangu Sharon yuko darasa la sita. Akatoka anacheka, macho yamelowa, "Baba Sharon, umetengeneza mwenyewe?" Na kinywa changu, bila kunishirikisha, kikasema, "Ee." Palepale akampigia mama yake, na mama akafurahi kweli, akasema habari ya kilemba imekwisha, na kwa kuwa mlango wa ghala lake la mahindi umeshuka vivyo hivyo na mbuzi wanaingia wanavyotaka, sasa yeye haiti tena fundi wa Laela, Jumamosi aje mkwewe. Jogoo ameshachaguliwa.

Nimewaza kwenda na Eustaki nikamtambulisha kama binamu yangu. Nifanyeje? Kumvunjia mama mkwe heshima mara mbili ndani ya mwezi mmoja siwezi.

Flavian, Katandala


Mama Salome anajibu:

Baba Sharon, pole kwa ndoo. Kwa mengine sina pole.

Jibu hili nilikusomea kwa simu Jumatano, maana ungesubiri gazeti ungekuwa umeshapasua na ghala la watu. Nalirudia hapa kwa sababu akina Flavian ni wengi, na wengine wanasoma ukurasa huu huku wamekalia kiti cha miguu mitatu.

Sikucheki kwa kuvumilia mlango. Kioo cha dirisha langu la jikoni kilipasuka nikakiziba kwa kalenda, na kwa miaka mitano kila Januari nilibadilisha kalenda badala ya kubadilisha kioo. Tunazoea. Kitu kinaharibika kidogo, tunajifunza kukizunguka, mwisho tunaona kuzunguka ndiyo njia yenyewe.

Lakini jiulize nani alikuwa anavumilia. Wewe una besi, unapenda kuimba, kwako ilikuwa mazoezi ya kwaya. Mkeo alikuwa anaimba akiwa na homa. Binti yako mkubwa, mwali wa kidato cha tatu, anataja tebo mbele ya wageni. Na mama wa watu ametoka Laela na unga wake, anaambiwa aimbe chooni, anabaki kuomba usalama kwa kikohozi. Uliwavumilisha wenzako, bwana, halafu ukajipongeza kwa uvumilivu.

Na hiyo "ee" yako, usiione ndogo. Unadhani mkeo alilowa macho kwa sababu ya skurubu? Alidhani mume wake, baada ya miaka minne, amechuchumaa uani kwenye baridi, ameshika bisibisi kwa ajili yake. Hilo ndilo ulilomdanganya. Mlango alishaupata, iwe kwa mkono wako au wa Eustaki.

Habari ya binamu iache kabisa. Mama Kristiana ataanza kumuuliza huyo binamu ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, na kabla chai haijachemka mtakuwa mmezaa babu ambaye hayupo.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mwambie mkeo maneno matatu: nilimwita Eustaki, nilikudanganya, Jumamosi nakwenda naye Laela. Usiongeze habari za upepo wala za kinywa chako kutokukushirikisha. Akikasirika, mwache akasirike, zamu yake imefika. Mama yake, mkeo atampigia mwenyewe kumweleza, usimtangulie. Jumamosi mtambulishe Eustaki kwa jina lake na kazi yake, ubebe wewe mfuko wa vyombo vyake, na nyundo yako iache nyumbani. Mkirudi, mtembeze fundi nyumba nzima umwonyeshe kila kitu mlichojifunza kukizunguka. Najua vipo. Mtu wa namna yako haishii kwenye choo.


Ujumbe wa Baba Sharon, uliofika Jumapili. Emerensiana ameruhusu uchapwe pamoja na barua, kwa sharti kwamba habari ya kilemba isiondolewe:

Mshauri, ghala linafunga. Eustaki alifanya kazi, mimi nilishika mlango, mbuzi wakasimama kututazama kama wakaguzi. Mama mkwe aliuliza, "Kumbe fundi ni huyu?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, basi wewe shika vizuri." Jogoo alipoiva, firigisi alipewa Eustaki. Mwezi ujao mama anakuja, amesema mwenyewe.

Lakini uliniambia niseme kweli, na kweli ya Alhamisi sijakupa. Yale maneno matatu niliyasema, nikaongeza la nne kuhusu upepo, nikalikatisha katikati. Emerensiana akaweka kikombe mezani, akatoka uani, akaingia chooni, komeo likasema ka!

Kimya.

Nikasimama uani, mikono kwapani. Miaka minne nimemjua mke wangu kupitia mlango ule. Akiwa amechoka anaruka kiitikio, akiwa amenikasirikia anaukimbiza wimbo wa matoleo mpaka unafanana na maandamano. Sasa mlango mzima, komeo zima, na mimi sijui kitu. Niliogopa, mshauri. Nililiangalia begi lake la safari juu ya kabati kupitia dirisha, kuhakikisha bado liko.

Jane akatoka na sare ya shule, kiatu kimoja mkononi.

"Baba, nani yumo?"

"Mama."

"Mbona haimbi?"

Tukabaki tumesimama wawili, tunautazama ule mlango uliotengenezwa vizuri kabisa.

Kisha ndani, taratibu, bila mtu kumlazimisha, Emerensiana akaanza wimbo wa matoleo, kuanzia mwanzo.

"Ahaa, yumo," Jane akasema, akakaa chini kuvaa kiatu.

Ubeti wa pili nikaitikia besi, nikiwa nje.